Shule ya York: Mwalimu Atakula Nini?

Somo la vikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Ni somo refu kidogo, kwa hivyo mnaweza kuligawa katika mikutano miwili.



Katika toleo hili tumewaletea historia. Tunajua wako watakaosema, "Historia ya nini tena, na sisi hapa tuna shida ya maji?" Ngojeni kidogo. Shule tunayotaka kuwasimulia iko mbali, upande wa kaskazini wa Uingereza, katika mji unaoitwa York. Jina lake ni Shule ya Mtakatifu Petro. Kwa hesabu yake yenyewe ilianza mwaka wa 627, na mpaka leo watoto wanaingia darasani. Kwa hesabu hiyo, mwaka wa 2027 ndio wa kutimiza miaka 1400.

Katika miaka hiyo imechomewa mji, imepoteza vitabu, imebomolewa nyumba, imehamishwa hapa na pale kama mpangaji asiyelipa kodi. Haikufa. Nasi tunajua vikundi vyetu kadhaa vilivyoanzisha chekechea kwa shangwe na ngoma, mbuzi akachinjwa, na kabla ya mwaka wa tatu mlango ukafungwa kwa kufuli. Sasa hii ya York iliishije? Hilo ndilo swali letu leo.

KANISA LA MBAO NA SHEMASI ALIYEBAKI

Mwaka wa 597 Papa Gregori Mkuu alikuwa amemtuma Augustino na wenzake kwenda kuwahubiria Waingereza, wakafika Kent, kusini. (Huyu si yule Augustino wa Afrika, mwana wa Monika. Ni mwingine.) Mwaka wa 601 kundi la pili likafuata, na mmoja wao alikuwa Paulinus. Mwaka wa 625 alifanywa askofu akaelekea kaskazini pamoja na binti wa mfalme wa Kent, aliyekuwa anakwenda kuolewa na Edwin, mfalme wa Northumbria. Binti alikuwa Mkristo, bwana hakuwa. Siku ya Pasaka ya mwaka wa 627 Edwin alibatizwa katika kanisa dogo la mbao lililojengwa haraka haraka pale York, likapewa jina la Mtakatifu Petro. Baadaye akaanza kujenga la mawe kulizunguka lile la mbao.

Shule inahesabu umri wake kutoka mwaka huo. Msifikiri palikuwa na ubao mweusi na madawati. Siku hizo kanisa la askofu lilihitaji vijana wa kusoma masomo na kuimba Misa kwa Kilatini, na Kilatini hakikuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote pale. Ilibidi kifundishwe. Kwa hivyo penye kanisa la askofu, ilibidi pawe na mwalimu na watoto. Ndiyo sababu shule za namna hii huitwa shule za makanisa makuu.

Miaka 6 tu baadaye, mwaka wa 633, Edwin aliuawa vitani. Mambo yakaharibika. Paulinus akakimbia na malkia kurudi Kent kwa njia ya bahari. Hatumlaumu sana, huenda angeuawa. Lakini mtu mmoja hakukimbia: Yakobo, shemasi. Alibaki akiishi katika kijiji karibu na Catterick, akibatiza watu, na amani iliporudi akawafundisha wengi kuimba nyimbo za Kanisa. Yaliyo haya tunayajua kutoka kwa Padre Bede, mmonaki mwandishi wa historia, ambaye anasema shemasi huyo aliishi mpaka siku zake yeye Bede. Yaani alizeeka palepale.

Sisi tunampenda sana huyu Yakobo. Askofu ana jina kubwa, mfalme ana kanisa la mawe, lakini uzi haukukatika kwa sababu shemasi mmoja alibaki na wanafunzi wake.

BARUA YA BEDE

Mwaka wa 734 Bede, akiwa mzee na mgonjwa, alimwandikia barua Egbert, askofu wa York, ambaye alikuwa amekuwa mwanafunzi wake. Barua hiyo ipo mpaka leo. Inauma. Bede anasema amesikia kuna vijiji vingi milimani na vichakani ambako askofu hajaonekana kwa miaka, lakini hakuna kijiji hata kimoja kinachosahaulika wakati wa kukusanya malipo ya askofu. Na si askofu tu hayupo, hata mwalimu wa kuwafundisha watu hawana.

Mkisoma hapo mnaweza kucheka kidogo, kisha mnyamaze.

Bede alishauri pia kwamba wasiojua Kilatini wafundishwe Baba Yetu na Nasadiki kwa lugha yao wenyewe, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewatafsiria mapadre wasiojua Kilatini. Hii ilikuwa miaka zaidi ya 1200 kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuturuhusu kuadhimisha Misa katika lugha zetu.

Egbert alisikia. Mwaka wa 735 alipokea kutoka Roma palio, ule utepe wa sufi wa maaskofu wakuu, na York ikawa jimbo kuu. Ndugu yake naye akaja kuwa mfalme, kwa hivyo nguvu alikuwa nayo, na sehemu ya nguvu hiyo aliitia katika shule. Mwalimu aliyeifanya shule hiyo ijulikane ni Ælberht, jamaa yake, ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu mwenyewe. Tunamjua kwa sababu mwanafunzi wake Alcuin aliandika utenzi mrefu juu ya York na watu wake. Anasema Ælberht alifundisha sarufi, ufasaha wa kusema, sheria, uimbaji, mwendo wa jua na mwezi, kujaa na kupwa kwa bahari, hesabu ya kutafuta tarehe ya Pasaka, na juu ya yote Maandiko Matakatifu. Anasema pia kwamba alipomwona kijana mwenye akili alimvuta kwake, akamfundisha, akamlisha na kumpenda. Tafadhali shikeni hilo neno la kulisha. Tutalirudia.

Ælberht alisafiri ng'ambo zaidi ya mara moja kutafuta vitabu. Leo kitabu ni kitu cha kununua dukani. Wakati ule kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, juu ya ngozi ya mnyama iliyolainishwa. Katika monasteri ya Bede iliandikwa Biblia moja kubwa, ambayo leo imetunzwa Florence, Italia, na inakadiriwa ilichukua ngozi za ndama wapatao 500. Hebu wenye ng'ombe mfikirie. Kitabu kimoja! Ndiyo maana Ælberht alipokuwa karibu kufa aligawa urithi wake mara mbili: mwanafunzi mmoja, Eanbald, akapewa kanisa na mali yake, na mwingine, Alcuin, akapewa shule na vitabu.

CHUI, MBUZI NA MAJANI

Alcuin alikuwa wa York tangu utoto. Mwaka wa 781, akitoka Roma kumchukulia Eanbald palio, alikutana njiani, katika mji wa Parma, na Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, aliyetawala nchi ambazo leo ni Ufaransa na sehemu kubwa ya Ujerumani na Italia. Mfalme huyu alikuwa hodari wa vita, lakini kuandika kulimshinda. Alijaribu ukubwani, akiweka vibao vya kuandikia chini ya mto kitandani ili ajizoeze usiku, ila mkono ulikuwa umeshakuwa mgumu. (Wale wa kisomo cha watu wazima, msikate tamaa, wengi wenu mmemshinda mfalme.) Alimwomba Alcuin aje amfundishie watu wake. Alcuin akaenda mwaka wa 782.

Mwaka wa 789 ilitoka amri ya Charlemagne kwamba katika kila monasteri na kila nyumba ya askofu kuwe na shule ya kuwafundisha watoto kusoma, na kwamba wasikusanye watoto wa watumwa peke yao bali na wa watu huru pia. Mkono wa mwalimu kutoka York unaonekana katika shughuli hiyo.

Kuna pia mkusanyo wa mafumbo ya hesabu zaidi ya 50, ya kuchangamsha akili za vijana, ambao wataalamu wengi humpa Alcuin. Mojawapo ni hili: mtu anataka kuvuka mto akiwa na mbwamwitu, mbuzi na kabichi, na mtumbwi hauchukui ila yeye na kimoja tu. Akimwacha mbwamwitu na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na kabichi, kabichi italiwa. Si mnalijua? Sisi tulitegewa tukiwa wadogo, ila kwetu alikuwa chui, mbuzi na majani. Tuliposoma kwamba maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana ya fumbo hili ni ya wakati wa Alcuin, tulishangaa kweli.

Alipozeeka akiwa abati wa Tours, Alcuin alimwandikia mfalme kwamba anavikosa vitabu vya York, akaomba ruhusa ya kutuma vijana wakavilete. Na alimwandikia askofu mkuu mpya wa York, mwanafunzi wake wa zamani, kwamba shuleni awatenge: wa kusoma vitabu wawe na mwalimu wao, wa kuimba wao, wa kuandika wao, asiwarundike wote kwa mmoja. Mwalimu yeyote wa chekechea mwenye watoto 60 peke yake ataelewa mzee alikuwa anasema nini. Alikufa mwaka wa 804.

Mwanafunzi mwingine wa York tusimpite. Liudger alitoka ng'ambo, kwa Wafrisia, katika nchi ambayo leo ni Uholanzi. Alisoma kwa Alcuin miaka kadhaa, kisha akaondoka ghafula, kwa sababu mfanyabiashara mmoja Mfrisia alimwua mwana wa mkubwa mmoja katika ugomvi, na Wafrisia wote wakawa hatarini. Kosa la mmoja, kabila zima likakimbia. Lakini alikwenda na vitabu. Baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Münster, Ujerumani, na huko iko shule iitwayo Paulinum, ambayo nayo inajihesabu kuwa imeanzishwa na Liudger mwaka wa 797 na bado inafundisha. Shule ya York ikawa imezaa.

MOTO

Mwaka wa 866 Wavikingi waliuteka mji wa York. Kanisa halikufutika, lakini miaka mingi ilifuata ambayo shule haikuwa na jambo la kusimulia. Kisha mwaka wa 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza. Watu wa kaskazini walikataa wakaasi, na mwezi wa Septemba 1069 mji ukawaka moto pamoja na kanisa kuu. Mfalme William aliadhibu eneo lote: mazao yalichomwa, mifugo ikauawa, watu wakafa kwa njaa. Vile vitabu vya Ælberht, vilivyotafutwa nchi kwa nchi, vilipotea katika taabu hizi.

Sasa tumefika mahali tulipotaka kuwafikisha.

Mwaka wa 1070 aliwekwa askofu mkuu mpya, Thomas wa Bayeux. Alikuta kanisa limeungua na mji umeharibika. Makanoni, yaani mapadre wa kanisa kuu, walitakiwa kuwa 7. Alikuta 3. Wengine wamekufa au wamekimbia. Tunasimuliwa haya na Hugh, kiongozi wa waimbaji wa kanisa hilo hilo, aliyeandika katika karne ya 12.

Thomas alianza na paa, na chakula. Aliwaita makanoni warudi, akatengeneza tena ukumbi wa kulia na mahali pa kulala, wakala pamoja. Baada ya muda aliona mtindo ule wa chungu kimoja una kasoro: mashamba ya kanisa yalikuwa ya wote, kwa hivyo hayakuwa ya mtu. Mengi yalilala bila kulimwa. Basi akayagawa. Kila kanoni akapewa fungu lake la ardhi na mapato yake, alitunze na limtunze. Hapo mashamba yakaanza kuzaa. Baadaye akaweka vyeo: dekano, mweka hazina, kiongozi wa waimbaji. Na hapa Hugh anaongeza kamstari kadogo ambako mtu anaweza kukaruka: mwalimu mkuu wa shule alikuwa ameshamweka tangu mapema.

Someni tena hapo. Mweka hazina alikuwa bado. Dekano alikuwa bado. Mwalimu alikuwapo.

Tumekaa katika kamati nyingi. Tumeona mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, katibu, naibu wa katibu, mweka hazina, na muhuri umeshachongwa, kabla hata ya kuuliza ni nani atawafundisha watoto. Miaka kadhaa iliyopita tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama, hatutataja kijiji, ambao walikuwa wamejenga chekechea kwa harambee. Mabati mapya, sakafu ya saruji, jina limeandikwa ukutani kwa rangi ya buluu. Walikuwa na haki ya kujivunia. Mwalimu alikuwa binti wa palepale, amesoma, watoto wanampenda. Tulipouliza analipwa nini, mama mmoja alisema, "Huyo ni mtoto wetu, atangoja." Alingoja miezi 7. Mwezi wa 8 alikwenda mjini kuuza duka. Nasi wakufunzi tulikuwa na kosa letu: tulikuwa tumewasaidia kuandika ombi la msaada wa mabati, na katika ombi hilo hatukuweka hata mstari mmoja juu ya mwalimu. Tulipopita tena, chumba kilikuwa kimewekwa mahindi.

Siku hizi serikali za kaunti zinaajiri walimu wa chekechea, na hilo ni jambo jema. Lakini mnajua wenyewe kwamba si kila darasa lililojengwa na kikundi limefikiwa.

Turudi York. Sheria ya Kanisa zima ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterani, kule Roma, uliagiza kwamba katika kila kanisa kuu mwalimu atengewe pato la kumtosha, ili awafundishe bure wakleri wa kanisa hilo na wanafunzi maskini ambao wazazi wao hawawezi kuwasaidia. Ukakataza pia mtu yeyote kudai fedha ili kumpa mtu ruhusa ya kufundisha. Angalieni mpango ulivyo. Hawakusema tu "maskini wasome bure", kisha wakamwacha mwalimu ale hewa. Walianza na tumbo la mwalimu, ndipo elimu ya bure ikawezekana.

Iliwezekana kila mahali? Wapi! Mwaka wa 1215, miaka 36 baadaye, Mtaguso wa Nne wa Laterani ulilalamika kwamba makanisa mengi hayakutekeleza, ukarudia agizo lile lile, ukaliongeza kwa makanisa mengine yenye uwezo. Kuandika azimio katika kitabu cha kumbukumbu na kulitimiza ni mambo mawili, hata kwa maaskofu.

NYUMBA YA WAZEE, BARUTI NA MIZINGA

Katika karne ya 16 Mfalme Henry wa Nane aliachana na Roma akafunga monasteri zote. Ile kubwa ya Mtakatifu Maria hapo York ilifungwa mwaka wa 1539. Mali nyingi ya aina hiyo ilikwenda kwa wakubwa. Mwaka wa 1557, chini ya Malkia Mary, aliyekuwa Mkatoliki, na mumewe Philip, shule ilipewa hati mpya ya kifalme, na kwa ajili ya kuitunza ikapewa nyumba na mali za hospitali ya zamani ya Mtakatifu Maria nje ya kuta za mji. Tuseme wazi, hospitali za zamani zilikuwa nyumba za kutunzia wazee na wagonjwa maskini, kwa hivyo riziki ya shule ilitoka katika mali iliyokuwa ya wanyonge wengine. Hatuoni vizuri kuficha hilo.

Mwaka uliofuata malkia alikufa, Elizabeth akatawala, na Ukatoliki ukawa kosa. Shule ikawa ya Kanisa la Anglikana, na ndivyo ilivyo hata leo. Lakini mioyo haikugeuka kwa siku moja. Mwalimu mkuu mmoja wa wakati huo alifungwa miaka mingi kwa kukataa kuiacha imani yake. Katika mji huo huo, mwaka wa 1586, mama mmoja mke wa mchinjaji, Margaret Clitherow, aliuawa baada ya kushtakiwa kuwaficha mapadre. Leo ni mtakatifu.

Wakati huo alikuwako York kijana wa miaka 16 hivi aliyesoma katika shule yetu hii: Guy Fawkes. Alipokua alijiunga na Wakatoliki wenye hasira, wakiwamo ndugu wawili wa shule hiyo hiyo, John na Christopher Wright. Tarehe 5 Novemba 1605 alikamatwa London chini ya Bunge akiwa na mapipa 36 ya baruti. Akanyongwa mwezi wa Januari 1606. Hatumsifu. Waliotaka kuwaua ni mamia ya watu, na waliobaki kuteseka kwa sababu yake ni Wakatoliki wadogo wadogo wasiojua lolote. Hata hivyo kuna jambo linalotugusa. Kila mwaka tarehe hiyo Waingereza huwasha moto mkubwa na kuchoma sanamu yake ya nguo kuukuu. Shule ya Mtakatifu Petro haichomi. Wanasema si adabu kumchoma mwanafunzi wa zamani.

Mwaka wa 1644, katika vita vya Mfalme na Bunge, mji wa York ulizingirwa na ile nyumba ya shule nje ya kuta ikaharibiwa. Shule ikahamia ndani ya mji. Baadaye ikafundishia katika kanisa la zamani, kisha karibu na kanisa kuu, na mwaka wa 1844 ikaungana na shule nyingine ya mjini ikahamia Clifton, ng'ambo kidogo ya kuta, ilipo mpaka leo. Mnaona? Kwa miaka 200 hivi haikuwa na makao ya kudumu. Mapato na walimu ilikuwa nayo.

AMBAYO HAYATUPENDEZI

Msitoke hapa mkidhani tumewaletea shule ya malaika. Wasichana walianza kuingia mwaka wa 1976, tena katika madarasa ya juu peke yake, yale ambayo sisi wa zamani tuliyaita kidato cha tano na cha sita. Madarasa yote yaliwafungukia mwaka wa 1987. Kutoka 627 mpaka 1976 ni miaka 1349. Akina mama wa vikundi vyetu, ambao ndio wanaobeba mchanga na kokoto za shule, watakuwa na la kusema hapo.

La pili ni karo. Leo hiyo ni shule ya kulipia, na karo yake ni kubwa mno. Wapo wanaopunguziwa kwa misaada, lakini mtoto wa mfanyakazi wa kawaida hapo York hapiti tu langoni kwa sababu ana akili. Thomas alimtengea mwalimu riziki. Mtaguso ukasema riziki hiyo ni ili maskini wasome. Sehemu ya kwanza imedumu kuliko ya pili. Tumelijadili sana hilo ofisini kwetu na hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema, "Afadhali shule iliyo hai na karo kuliko ya bure iliyokufa." Mwingine akamjibu, "Hai kwa nani?" Tuliwaacha wakiendelea, chai ikapoa.

MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni vikundi vidogo vya watu watano watano, na akina mama wasikae kimya kwa sababu wazee wapo. Katika mradi wenu, iwe shule, zahanati au kisima, ni mtu gani ambaye akiondoka kesho mradi umekwisha? Anakula nini, na kutoka wapi? Je, mna kipande cha ardhi, ng'ombe, mizinga ya nyuki au kibanda cha kukodisha ambacho pato lake limeandikwa kuwa la mtu huyo na si la "matumizi mengine"? Mtaguso wa 1179 uliona mwalimu akilipwa kwanza ndipo maskini wasome bure. Nyinyi mnaonaje, karo kidogo kwa wote, au bure kwa wasio nacho na wenzao wawabebe? Kila kikundi kiandike jibu la swali hilo la mwisho na majina ya waliopinga, maana tungependa kuyasoma yote mawili.

Halafu mkiwa na nafasi, watoto wawatatulie wazee lile fumbo la chui, mbuzi na majani, kwa vijiti au mawe juu ya mchanga. Jibu tutaliweka katika toleo lijalo.